MASHINE IMETOKA KWA FUNDI, MBONA CHOMBO HAKIENDI?

Ndugu wanachama,

Katika kurasa hizi tumezoea kusoma khabari za miche, za kupalilia, za kuanika na za bei. Leo naomba ruhusa yenu niseme juu ya jambo ambalo halioti shambani wala halianikwi juani, lakini laweza kuila faida ya msimu mzima kabla gunia halijafika kwenye mizani. Jambo lenyewe ni mashine za vyombo vyetu; na khasa zile mashine ambazo hupelekwa kwa fundi zikiwa na nguvu zao, zikarudi zimeng'arishwa, zimepakwa mafuta, zinawaka kwa mvuto mmoja, lakini zikifika baharini hazina nguvu.

Najua wako watakaouliza: mkulima wa karafuu ana nini na mashine ya boti? Jawabu yake ni nyepesi. Pemba yetu ni kisiwa cha mahori. Pwani ya magharibi, ambako ndiko mikarafuu mingi ilipo, imekatwakatwa na bahari, na mbele yake vimetanda visiwa vidogo vidogo. Wachumaji wetu wengi hutoka huko visiwani, Fundo, Makoongwe, Kisiwa Panza na kwengineko, na wanavuka asubuhi na kurejea jioni. Na wako miongoni mwetu ambao mashamba yao njia ya gari haifiki vizuri wakati wa mvua, nao hupakia magunia yao katika mashua kwa kuwa bahari iko karibu kuliko barabara. Basi mashine ya chombo ikidhoofika, mchumaji huchelewa, karafuu mbivu hufunguka juu ya mti, na iliyokwisha kauka hunyeshewa njiani. Mkulima anayesema mashine haimhusu huyo hajapata kuvuka na gunia.

YALIYONIFIKA MIMI

Siandiki haya kwa kusikia. Msimu mmoja kabla ya uchumaji kushika kasi nilitaka kuwa mtu wa tahadhari. Nilikuwa na mashine ya kupachika, ya petroli, ya silinda mbili. Kwenda ilikuwa ikienda vizuri. Ila asubuhi ilikuwa na ukaidi wa kuwaka. Nikaipeleka kwa fundi mmoja wa mjini ili ifanyiwe matengenezo ya msimu. Fundi akasafisha kabureta, akatia plagi mpya, akabadilisha mafuta ya gia, akatia mpira mpya wa petroli. Nilipokwenda kuichukua aliitia katika pipa la maji, akavuta kamba mara moja, na mashine ikalia kama ndege. Nikafurahi, nikalipa pesa zote, nikarudi nyumbani nikimsifu njia nzima.

Siku ya mwanzo tulivuka na wachumaji. Nilihisi chombo kizito, lakini maji yalikuwa yakitoka na mimi nikasema moyoni kuwa ni mkondo. Siku ya pili nikasema ni upepo. Siku ya tatu tulipakia magunia 6 ya karafuu kavu, iliyoanikwa ikaanuliwa kwa jasho la watu, na pamoja nasi walikuwamo wachumaji wanne waliokuwa wanarudi kwao, mmoja wao mama mwenye mtoto mchanga. Ilikuwa bamvua. Tulipofika kwenye mdomo wa hori maji yalikuwa yanakimbia na upepo unatujia usoni. Nikafungua mkono wa mashine mpaka mwisho. Mashine ikanguruma, lakini haikupanda. Tukawa tunautazama mkoko mmoja kwa muda mrefu, hatuupiti. Kisha tukaanza kurudi nyuma, taratibu, kuelekea kwenye miamba.

Tulijiokoa kwa upondo na kwa makasia mawili, na kwa rehema ya Mungu. Hapana mtu aliyeumia. Lakini mvua ilitukuta pale pale tunapohangaika, upepo ukafunua turubali, na magunia 2 yakarowa. Kila mmoja wetu anajua maana ya karafuu kavu kurowa: huvimba, huvunda, hupoteza rangi, na iliyokuwa ya daraja la kwanza haisimami tena mbele ya mkaguzi. Khasara ya magunia nimekwisha kuisahau. Uso wa yule mama sijausahau.

SIKU NNE ZA KUBAHATISHA

Sasa sikilizeni ujinga wetu, maana ndio ulionifanya nishike kalamu. Tuliporudi, kila mtu alikuwa na dawa yake. Mmoja akasema petroli ina maji. Tukaimwaga, tukanunua nyengine. Mwengine akasema plagi ni za bandia, tukanunua nyengine. Wa tatu akasema rafadha ni ndogo. Wa nne, na huyu ndiye wa kuogopwa, akasema mafuta ya kuchanganya yamezidi, tuyapunguze nusu ili mashine iwe nyepesi. Namshukuru Mungu kwamba duka lilikuwa limefungwa, sikupata petroli tupu ya kuchanganya upya. Laiti ningefuata shauri lile, leo ningekuwa nasimulia kifo cha mashine badala ya udhaifu wake. Kwani mashine ya aina hii haina mafuta mengine ya kulainisha pistoni zake ila yale yaliyochanganywa na petroli.

Siku ya nne akaja mzee mmoja jirani yetu, ambaye ujana wake wote aliutumia katika vyumba vya mashine vya meli. Hakugusa kitu. Aliniuliza:

"Mwanangu, kabla ya kwenda kwa fundi ilikuwa ikienda?"

Nikamjibu, "Ilikuwa ikienda, Mzee wangu, ila ngumu kuwaka asubuhi."

"Basi ugonjwa huu haukutoka baharini. Umetoka mezani kwa fundi. Niambie alishika nini, na sisi tushike hapo hapo."

Akaamrisha mfuniko utolewe na mashine izimwe kabisa. Akamwambia kijana auzungushe mkono wa gesi mpaka mwisho, na yeye akatazama ndani ya kabureta. Kile kibamba kinachofunguka kupitisha hewa, ambacho kwa mkono kamili chapaswa kulala wazi kabisa, kilikuwa kimefika nusu tu na kusimama. Fundi alipoifungua kabureta ili kuisafisha, aliuondoa ule ufito unaouunganisha mkono na kibamba. Alipourejesha hakuupima urefu wake. Mzee akalegeza nati moja, akazungusha ufito mara chache, akapima tena, akakaza. Robo saa haikutimia. Kesho yake, kwa uzito ule ule, njia iliyokuwa ikituchukua dakika 40 ilituchukua dakika 22.

Nati moja, ndugu zangu. Nati moja ilikuwa ituzamishe.

KWA NINI PIPA HUDANGANYA

Watu wengi wameniuliza: mbona kwa fundi ililia vizuri? Hapa ndipo penye somo. Mashine ikiwa katika pipa, au ikizunguka bila ya gia, haibebi kitu. Petroli kidogo na hewa kidogo zaitosha, na hata silinda moja ikiwa imelala nusu, sauti yaweza kukupendeza. Nguvu kamili hutakiwa pale tu rafadha inaposukuma maji mazito nyuma ya chombo kilichojaa. Kufunguka nusu kwa kibamba hakujulikani katika pipa. Hujulikana katika mdomo wa hori. Tena katika mashine nyingi za namna hii mkono ule ule unaofungua kabureta ndio unaosogeza wakati wa cheche kupiga. Ufito ukikosewa, huja makosa mawili kwa pamoja: hewa haitoshi na cheche yachelewa.

Kwa hiyo mimi nasema, na hii ndiyo rai yangu: sisi wenye vyombo tumezoea kununua sauti badala ya kununua nguvu. Twalipa kwa masikio. Na fundi, ambaye naye ni binadamu mwenye watoto, akijua kuwa twalipa kwa masikio, atatengeneza sauti.

NJIA YA KUUTAFUTA UGONJWA

Nitayaeleza hapa niliyofunzwa na yule mzee, pamoja na niliyoyathibitisha mwenyewe baadaye, ili mwanachama asipoteze siku nne kama nilivyozipoteza mimi. Kanuni mbili ndizo mama wa zote. Ya kwanza: kilichoguswa mwisho ndicho kishukiwe mwanzo. Ya pili: badilisha kitu kimoja tu kwa mara moja, kisha jaribu. Ukibadilisha vitatu pamoja na mashine ikapona, hutajua ni dawa ipi iliyoponya. Na ikizidi kuugua, hutajua ni sumu ipi.

Anza kwa kutenganisha mashine na chombo. Sikiliza ukiwa njiani: mashine inapanda mpaka inapiga kelele lakini chombo hakiendi, au mashine yenyewe haipandi? Ikiwa inapiga kelele na chombo kimelala, usiisumbue kabureta. Tazama rafadha. Ndani ya rafadha nyingi mna mpira unaoishika kwenye chuma chake. Mpira huo ukichakaa, chuma huzunguka na rafadha hubaki nyuma. Tazama pia jinsi mashine ilivyopachikwa, maana fundi huiondoa na kuirejesha. Kile kibamba cha chuma kilicho juu ya rafadha chapasa kuwa sawasawa na chini ya chombo, au chini yake kidogo. Mashine ikipachikwa juu mno, au ikiinamishwa vibaya, rafadha huvuta hewa badala ya maji.

Ikiwa mashine yenyewe haipandi, kwanza uwe mwadilifu na utazame chombo chako. Ngama imejaa maji? Chini pameota chaza na majani tangu lini? Umepakia wangapi? Mara nyingi chombo hukaa pwani wiki mbili mashine ikiwa kwa fundi, majani yanaota, kisha lawama anabebeshwa fundi. Na juu ya kupakia kupita kiasi sina haja ya kusema mengi kwa watu wa Pemba. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander I ilizama katika mkondo wa Nungwi ikija kwetu, ikiwa imejaa kupita kiasi. Hakuna mtaa wetu usioukumbuka msiba ule. Mashua zetu ni ndogo, lakini bahari ni ile ile.

Kisha njoo kwenye petroli. Kitundu cha hewa kwenye kifuniko cha tangi kimefunguliwa? Kikifungwa, mashine huenda vizuri kwa dakika chache kisha ikazimia kwa kukosa mafuta. Mpira wa petroli una pampu ya mkono katikati, na pampu hiyo ina alama ya mshale. Mshale uelekee kwenye mashine. Fundi akiubadilisha mpira na kuutia kinyume, mafuta hayapiti. Tazama viungio: kikilegea kimoja, mpira huvuta hewa pamoja na petroli hata kama hauvuji tone. Jaribio lake ni jepesi. Mashine inapodhoofika, mwenzako aibonyeze ile pampu ya mkono. Ikiwa mashine inafufuka, basi petroli haiji ya kutosha, na kazi yako iko baina ya tangi na kabureta, si pengine.

Baada ya petroli, hewa. Hakikisha ile shoki ya kuwashia asubuhi imerudi kikamilifu; ikibaki imefungwa nusu, mashine hutoa moshi, hulowesha plagi na kukosa nguvu. Na msinicheke nikisema mtazame ndani ya mfuniko: kitambaa cha kufutia kilichosahauliwa mbele ya njia ya hewa kimewahi kuwasumbua watu.

Kisha moto. Toa plagi zote mbili uziweke mkononi pamoja. Zikilingana rangi, hudhurungi ya kiasi, silinda zote zafanya kazi. Ikiwa moja ni kavu na nyengine nyeusi imelowa petroli, hiyo iliyolowa haikuwa ikiwaka. Soma namba iliyoandikwa kwenye plagi na uilinganishe na kitabu cha mashine. Kuingia katika tundu si hoja kwamba ndiyo plagi yake. Pima nafasi ya cheche kwa kipimo, usikisie kwa jicho. Tazama nyaya zake zimekaa sawa na kila moja imerudi kwenye silinda yake. Na ukitaka kuiona cheche, iegemeze plagi kwenye chuma cha mashine, mbali na petroli na mvuke wake, wala usiishike waya kwa mkono mtupu.

Hapo ndipo ufuate ule ufito ulioniadhibu mimi. Mashine ikiwa imezimwa, fungua mkono mpaka mwisho na utazame kibamba. Kisipolala wazi kabisa, umekwisha kuuona ugonjwa.

Usisahau maji ya kupoza. Fundi akibadilisha pampu ya maji na akaitia vibaya, ule mchirizi unaotoka ubavuni hudhoofika au hukosekana. Mashine nyingi za kisasa zikiona joto limezidi hujipunguzia nguvu zenyewe ili zisiungue, na mwenye chombo hudhani kabureta ndiyo mbovu. Na tafadhali, msiwashe mashine nchi kavu bila maji kwa ajili ya kujaribu. Pampu yake ni ya mpira, nayo huungua kwa muda mfupi sana.

Mwisho wa yote ndipo ipimwe mbano wa silinda kwa geji. Silinda mbili zapasa kukaribiana. Moja ikianguka mbali na mwenzake, hapo pana ringi au gasketi, na kazi hiyo si ya ufukweni, mrudishie fundi.

Kwa wenye mashine za dizeli za ndani, njia ni hiyo hiyo, ila mshukiwa wa kwanza baada ya matengenezo ni hewa iliyoingia katika mabomba wakati chujio lilipobadilishwa. Itolewe yote kwa kulegeza skrubu zake mpaka dizeli itoke bila povu. Kisha atazamwe mkono wa gavana kama wafika mwisho wake, na nafasi za vali kama zimepimwa kwa kitabu. Moshi mweusi mzito maana yake ni mzigo umezidi, au hewa haitoshi kuchoma dizeli inayoingia.

Na juu ya mafuta ya kuchanganya, kitabu cha mashine yako ndicho hakimu. Mashine nyingi za aina hii huandikwa sehemu 50 za petroli kwa sehemu 1 ya mafuta, yaani lita 20 za petroli kwa mililita 400 za mafuta. Ziko zilizoandikwa 100 kwa 1, na hizo ni mililita 200. Yakizidi, plagi huchafuka na moshi hujaa. Yakipungua, pistoni hushika. Usiyapunguze kwa kutafuta nguvu. Nguvu utakayoipata ni ya siku moja.

TUSIMBEBESHE FUNDI PEKE YAKE

Huenda msomaji akadhani nimekuja kuwashitaki mafundi. Sivyo. Yule fundi wangu nilipomrudia na kumweleza, hakukana. Aliniambia: "Bwana, wiki ile nilikuwa na mashine 9, na kila mwenyewe amesimama mlangoni akisema wachumaji wake wanamngoja pwani." Nami nilikuwa mmoja wa waliosimama mlangoni. Twakaa miezi bila kuzikumbuka mashine, kisha karafuu zikianza kupevuka twazibeba zote kwa siku moja na kutaka zirudi kesho. Tunamharakisha, tunavutana naye juu ya bei mpaka shilingi ya mwisho, kisha twataka kazi ya utulivu. Haraka haraka haina baraka. Nasi ndio tuliokuja na haraka.

Pia wako wanaosema, "Nunueni mashine mpya, mpumzike." Maneno hayo ni mazuri kwa mwenye uwezo. Lakini mashine mpya nayo itahitaji matengenezo, na mtu asiyejua kuikagua mashine kongwe hatojua kuikagua mpya. Fedha haziondoi ujinga. Huuvika nguo nzuri.

RAI YANGU KWA CHAMA

Basi naleta mbele yenu mapendekezo manne, nayo naomba yajadiliwe katika mikutano ya matawi kabla ya msimu ujao.

La kwanza, kila mwanachama mwenye chombo apime mwendo wa chombo chake kabla ya kukipeleka kwa fundi. Achague alama mbili anazozijua, gati na mti, au nguzo na mwamba, achague wakati maji yametulia, apakie uzito maalumu, aandike dakika. Mashine ikirudi, apime tena kwa masharti yale yale. Bila ya kipimo cha kwanza, mwenye chombo hana ushahidi na fundi hana utetezi. Hubaki maneno tu.

La pili, malipo yagawanywe. Sehemu kubwa ilipwe kazi inapokwisha, na sehemu iliyobaki ilipwe baada ya kujaribiwa baharini, chombo kikiwa na mzigo na fundi akiwa ndani yake. Mafundi watasema petroli ya majaribio nani ataitoa. Aitoe mwenye chombo, na siku ya fundi ailipe. Jambo hilo ni la haki, na gharama yake ni ndogo kuliko nusu ya gunia moja lililorowa.

La tatu, fundi aandike katika daftari la mashine alichokigusa, na vipuri vya zamani avirudishe vyote katika mfuko. Plagi kongwe ni shahidi: huonyesha mashine ilivyokuwa ikiwaka kabla. Mimi zangu zilitupwa jaani, na laiti zingekuwapo zingetuokolea siku mbili.

La nne ni la chama chenyewe. Kila tawi lenye wanachama wanaotumia bahari linunue kipimo cha plagi, kifaa cha kupimia cheche na geji ya kupimia mbano, viwekwe kwa katibu, na mwanachama aazime kwa kutia saini. Na wachaguliwe vijana wawili katika kila tawi wakae na mafundi wazuri katika miezi ambayo hakuna uchumaji, wajifunze. Twawapeleka vijana wajifunze kupanda miche; mbona hatuwapeleki wajifunze kuokoa mavuno yanapovuka maji?

Wako watakaosema kuwa karafuu hazingoji na majaribio yanapoteza siku. Hapana shaka karafuu hazingoji. Kwa sababu hiyo hiyo majaribio yafanywe mapema, mikarafuu ikiwa bado na vikonyo vichanga, wala yasingojee siku ambayo mikeka imejaa na mawingu yanakusanyika. Anayejaribu mashine yake siku ya kupakia amewafanya abiria wake kuwa ndio kipimo.

Na mpaka mapendekezo haya yapite, nawaomba jambo moja lisilohitaji kura wala pesa. Mashine ikitoka kwa fundi, safari yake ya kwanza isiwe na mchumaji wala gunia. Iwe na mwenye chombo, fundi, mawe au mchanga wa kuleta uzito, makasia, upondo na majaketi ya kuokolea. Nenda mpaka mdomo wa hori, maji yanapotoka, ufungue mkono mpaka mwisho. Ikipanda, rudi umlipe fundi na umshukuru. Isipopanda, umeujua ugonjwa mahali ambapo hapana mtu wa kulia.

Yule mama bado anachuma katika shamba letu. Msimu uliofuata alipofika pwani asubuhi ya kwanza, mtoto mgongoni, hakuuliza ujira ni kiasi gani kwa pishi. Aliniuliza, "Baba, mashine mmeijaribu?" Nilimjibu kuwa tumeijaribu, na akapanda. Natamani kila mwanachama mwenye chombo aweze kutoa jawabu hiyo bila ya kutazama chini.

Wenu katika chama,

Mwanachama Mwenye Mashua,
Tawi la Wete